Kutoka Chetezo hadi Bruchi: Historia ya Nyumba ya Pyuta ya Selangor

Msomaji wetu mmoja, fundi wa vito katika Kibera ambaye huyeyusha makufuli na mifereji mibovu ili apate shaba ya manjano ya hereni na bangili, ameniandikia hivi: “Mwalimu, marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na miongoni mwa vitu alivyotuachia mna bruchi (pambo la kubana nguoni) yenye umbo la ua na sanamu ndogo ya mwanamke aliyeinama akiwa na sinia pana mikononi. Vyote viwili ni vya kijivu chenye mng'ao wa fedha, lakini si fedha. Nyuma ya bruchi pamepigwa chapa ya maneno SELANGOR PEWTER. Sanamu haina chapa. Naomba unieleze nyumba hii ilianzaje, ilifikaje kwenye vito na sanamu, na kama metali yake ni salama kuvaliwa. Je, fundi wa hapa mwenye jiko la makaa tu anaweza kuifanya kazi hii, au ina siri ambayo sisi hatuna?”

Nitaanza na neno siri, kwa sababu likishaondolewa historia nzima inakaa mahali pake. Pyuta, kama nitakavyoiita hapa, haina siri. Ni bati lililochanganywa na antimoni kidogo, metali nyingine iliyo ngumu, na shaba nyekundu kidogo ili liwe gumu zaidi. Mchanganyiko unaotumiwa sana una takriban sehemu 92 za bati, 6 za antimoni na 2 za shaba katika kila 100, na mafundi wa Sheffield, Uingereza, walikuwa wakitumia mchanganyiko wa jamaa hiyo tangu karne ya 18. Yeyote mwenye mizani anaweza kuupata. Kilichoiweka hai nyumba ya Selangor, yaani kampuni ya familia yenye jina la jimbo la Selangor nchini Malaysia, tangu 1885, wakati karakana nyingi za namna yake katika Ulaya na Asia zilifungwa, ni kwamba kila mnunuzi wake alipoondoka ilikubali kukiacha kitu alichokuwa akikinunua, lakini haikuuacha mkono uliokuwa ukikitengeneza. Hayo ndiyo ninayotaka uyaone katika maelezo yafuatayo.

Kwanza tuelewane kuhusu metali yenyewe. Hapa Nairobi tukisema bati tunafikiria mabati ya paa, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki, au mkebe, ambao ni chuma chenye utando mwembamba mno wa bati. Bati halisi wazee wa pwani waliliita kalai, na walilipaka ndani ya sufuria na masinia ya shaba ili chakula kisiguse kutu ya kijani. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na Kalah, bandari ya rasi ya Malaya ambayo wasafiri wa Kiarabu wa karne ya 10 waliitaja kwa machimbo yake ya bati. Kwa hiyo metali ya bruchi yako ina jina katika Kiswahili, na jina hilo limebeba kumbukumbu ya nchi ileile ambako bruchi ilitengenezwa. Nimelitaja jambo hili makusudi, kwa kuwa nimewaona wanafunzi wengi wakiiogopa metali kwa sababu tu waliisikia mara ya kwanza kwa jina la kigeni.

Kuala Lumpur, leo mji mkuu wa Malaysia na mahali nyumba hii ilipoanzia, ni mji uliozaliwa na bati. Mwaka 1857 wachimbaji wa Kichina walipanda mto kwa mashua hadi mahali mito ya Klang na Gombak inapokutana, wakaingia msituni kutafuta madini hayo, na kando ya gati lao pakaota mji. Moto na mafuriko vikauangamiza mwaka 1881, ukajengwa upya kwa matofali, na mwaka 1886 reli ya kuelekea Klang ikafunguliwa. Katikati ya matukio hayo, mwaka 1885, kijana mmoja aitwaye Yong Koon aliwasili kutoka Shantou, bandari ya kusini mwa China, akifuata ndugu zake waliotangulia kufanya kazi ya bati. Ulikuwa ndio mwaka aliofariki Yap Ah Loy, kiongozi wa Wachina aliyeusimamisha mji huo tena baada ya vita na moto. Ukitaka kipimo cha nyumbani, karakana ya Yong Koon ilikuwa imefikisha miaka 14 wakati reli ya kutoka Mombasa ilipofika, Mei 1899, kwenye kinamasi cha maji baridi ambacho leo tunakiita Nairobi.

Wakati huo rasi ya Malaya ilikuwa ikielekea kutoa takriban nusu ya bati lote la dunia. Maelfu ya watu walichimba, wakasafisha, wakayeyusha na kupakia vipande vya bati melini, na bati hilo likaenda kuwa mikebe ya nyama na kalai ya kulehemu katika nchi za mbali. Yong Koon alikuwa miongoni mwa wachache waliolizuia kidogo lisiondoke kabla halijapata umbo. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wachimbaji na wachuuzi wenzake wa Kichina, watu waliokuwa mbali na makaburi ya wazazi wao na waliohitaji vyombo vya madhabahu ya nyumbani ili waendelee kuwakumbuka. Akawatengenezea vyetezo, vinara vya mishumaa na vishikio vya vijiti vya udi, na chapa yake ilikuwa Ngeok Foh, maneno ya Kichina yanayotaja jiwe la jedi na amani. Naamini mtu wa Lamu au Mombasa akikiona chetezo cha aina hiyo angejua papo hapo ni cha kazi gani, hata kama mapambo yake angeyaona mageni.

Kisha wanunuzi wakabadilika. Waingereza walikuwa wameuhamishia utawala wao wa Selangor katika Kuala Lumpur tangu 1880, na kadiri maofisa, wahandisi na wakulima wa mpira walivyoongezeka ndivyo walivyotafuta vitu walivyovizoea kwao: vikombe vikubwa vya bia vyenye mkono, seti za chai, visahani vya majivu, vasi za maua. Fundi aliyekuwa akitengeneza chetezo hakulazimika kujifunza upya kazi ya mikono. Alimimina metali ile ile katika kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, akalehemu viungo kwa namna ile ile, akakereza na kung'arisha kama jana. Kilichobadilika ni umbo. Uso wenye vidonda vidogo vya nyundo, ambao ndio uliojulisha vikombe vya Selangor duniani, hupigwa kwa mkono, pigo moja baada ya jingine kwa mistari iliyolingana, na mpaka leo fundi akikosea pigo moja jicho hulikuta kosa hilo mara moja.

Katika ung'arishaji kuna jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulifurahia. Mafundi wa Selangor walikuwa wakisugua vyombo vyao kwa majani makavu ya mmea wa msituni wenye ukwaruzo, ukwaruzo ambao ni laini vya kutosha kuondoa alama za tupa bila kuiumiza metali. Nasi tuna mti wa namna hiyo. Unaitwa msasa, na majani yake ndiyo yaliyolainisha mbao, vikombe na vinyago kabla karatasi ya dukani haijaja na kulichukua jina lake. Watu wawili waliotengwa na bahari nzima walifikia jibu moja, kila mmoja kwa kutazama majani ya kwao.

Yong Koon alipozeeka wanawe walitofautiana, na kukawa na maduka ya pyuta ya ndugu walioshindana katika mji mmoja. Lililodumu ni la mwana wa tatu, Yong Peng Kai, lililojulikana kwa jina la Selangor Pewter. Kuala Lumpur iliangukia mikononi mwa Wajapani Januari 1942, na vita ile nyumba hii huikumbuka kwa kisa kimoja cha buli. Wanasimulia kwamba mwanakijiji mmoja aliyekuwa akitafuta chakula ghalani aliinama kuokota buli yenye umbo la tikiti, na risasi ikapita juu ya mgongo wake. Angekuwa amesimama ingemuua. Aliitunza buli hiyo kwa miongo, na alipogundua kwamba chapa iliyo chini yake ni ya Yong Koon aliirudisha kwa Yong Peng Kai. Ni kisa cha familia na ndivyo kinavyopaswa kupokewa, lakini kinaeleza jambo la kweli kuhusu chapa: bila alama ile ndogo chini ya chombo, buli isingejua njia ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo nakusihi upige chapa kwenye kila hereni unayoimaliza, hata ile ya bei ndogo kabisa.

Sasa tuipe bruchi yako umri. Mwaka 1962 nyumba ilihamia kwenye kiwanda kipya Setapak, nje kidogo ya katikati ya Kuala Lumpur, na katika miaka ya 1970 ikaanza kufungua maduka nje ya nchi. Mwaka 1979 Sultani wa Selangor aliipa heshima ya kuwa fundi wa pyuta wa kasri yake, na mwaka 1992 ikabadili jina ikawa Royal Selangor. Chapa yako haina neno Royal. Hivyo basi ni ya kabla ya 1992, jambo linaloafikiana na miaka ambayo mjomba wako angekuwa bado baharini.

Kabla ya badiliko hilo la jina ulipita mwaka 1985, ambao mimi nauona kuwa mtihani wao mkubwa kuliko hata vita. Nyumba ilikuwa inatimiza miaka 100, na kwa kusherehekea ikatengeneza kikombe cha pyuta chenye kimo cha karibu meta 2 na uzito wa zaidi ya tani 1.5, kilichoandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Oktoba ya mwaka huohuo Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili kuitegemeza bei, liliishiwa fedha. Soko la metali la London likasimama, bei ikaporomoka, na machimbo ya Malaysia yakafungwa moja baada ya jingine. Nchi iliyokuwa mama wa bati ikawa mnunuzi wa bati la wengine. Karakana iliendelea. Ingekuwa imejifunga kuuza uzito wa metali ingezama pamoja na migodi. Ilikuwa ikiuza kazi ya mkono, na mkono haukushuka bei siku ile.

Swali lako kuhusu vito nitalijibu kwa kurudi nyuma kidogo, kwa maana Selangor haikuwa ya kwanza. Watu wa kawaida wa Ulaya walivaa vito vya bati na vya risasi, ile metali nzito, tangu zama za kati. Mahujaji waliokwenda Canterbury, Uingereza, kuzuru kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa mwaka 1170, walirudi makwao wakiwa na beji ndogo zilizobandikwa kwenye kofia au nguo, zilizomiminwa katika kalibu za mawe kwa wingi mkubwa na kuuzwa kwa bei ambayo hata maskini aliimudu. Nyingi zimekutwa katika tope la mto Thames. Sifa iliyoziwezesha beji zile ndiyo iliyowezesha bruchi yako. Bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 za selsiasi tu, na pyuta huwa tayari kumiminwa kabla ya kufika 320 au hapo karibu, ilhali shaba yako ya manjano inadai zaidi ya 900. Pia pyuta hupenya katika michoro midogo sana ya kalibu, kwa hiyo mshipa wa jani au kope ya jicho hutokea bila kuchongwa upya.

Kwa karne nyingi hata hivyo metali hii ilidharauliwa kama fedha ya asiye na fedha. Waliobadili mawazo hayo Ulaya ni wasanii wa mwanzoni mwa karne ya 20, na ninayemheshimu kuliko wote ni Archibald Knox wa Kisiwa cha Man, ambaye tangu takriban 1901 michoro yake ilitengenezwa kwa pyuta Birmingham na kuuzwa na duka la Liberty la London kwa jina Tudric. Knox hakujaribu kuifanya pyuta ifanane na fedha. Aliiacha iwe ya kijivu, akaipa mistari mirefu inayosukana kama ukindu wa mkeka, na mahali palipostahili rangi akaweka enameli, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushwa, ya samawati na kijani. Yeyote anayeona kwamba metali nafuu ni lazima ijifiche nyuma ya rangi ya dhahabu akazitazame saa za mezani za Knox.

Katikati ya karne hiyo ya 20 ikaja njia iliyovifanya vito vya pyuta kuwa vya watu wengi: kalibu ya mpira. Fundi huchonga kielelezo kimoja, akakibana kati ya sahani mbili za mpira, akazipika kwa joto na shinikizo hadi zigande na kushika umbo, kisha akakata mifereji midogo kutoka katikati. Kalibu huzungushwa kwa kasi, metali inamiminwa katikati, na nguvu ya mzunguko huisukuma hadi kwenye kila ncha ya ua. Hakuna kuchoma nta na hakuna kuvunja plasta. Mpira wa silikoni hustahimili joto la pyuta na hutumika tena na tena. Kwa shaba njia hii haiwezekani, kwani mpira ungeteketea. Ukitazama ukingo wa bruchi yako kwa kioo cha kukuza, huenda ukakuta mstari mwembamba uliosuguliwa ukakaribia kutoweka. Hapo ndipo pande mbili za kalibu zilipokutana.

Kalibu za namna hii ndizo zilizowafaa pia watengenezaji wa sanamu ndogo kote duniani, na nyumba ya Selangor leo hutengeneza, pamoja na vyombo vya meza, wanyama, mashujaa wa hadithi, wahusika wa filamu na makombe ya michezo. Ni nyumba ya familia bado, na kwa vito vya dhahabu na mawe ya thamani ina tawi lake liitwalo Selberam. Wale walioanza na chetezo cha mchimbaji wanauza zawadi kwa watalii na vikumbusho kwa wapenzi wa filamu, na sioni aibu yoyote katika hilo. Naona mwendelezo.

Sanamu yako siwezi kuihesabu kuwa ya nyumba hiyo, kwa kuwa haina chapa, na Malaysia ilikuwa na karakana nyingine. Ila naweza kukuambia kwa hakika ya kutosha ni nani huyo mwanamke. Sinia aliyoishika huitwa dulang. Ni bakuli pana la mbao lenye kina kidogo, na wanawake, wengi wao wa Kichina wa jamii ya Hakka, walisimama mitoni na pembezoni mwa machimbo wakichekecha mchanga kwa bakuli hilo ili madini mazito ya bati yabaki chini na mchanga uchukuliwe na maji. Ilikuwa kazi ya mgongo ulioinama kutwa nzima. Aliyeichonga sanamu hiyo alichukua bati na kulirudishia sura ya mtu aliyelitoa majini, na kwangu mimi hicho ni kitu kikubwa kuliko bruchi, hata kama hakuna jina chini yake.

Kuhusu usalama, jambo la kuangalia ni risasi. Pyuta ya zamani ya Ulaya mara nyingi ilichanganywa na risasi, wakati mwingine nyingi, kwa kuwa risasi ni ya bei rahisi na huifanya metali iwe nzito na iyeyuke upesi. Pyuta ya kisasa inayoheshimika, pamoja na ile ya Royal Selangor, haitiwi risasi, na kiwango cha Ulaya hakiruhusu izidi 0.25 kwa 100. Wakenya hatuhitaji kuambiwa na mgeni madhara ya risasi: wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya mtambo wa kuyeyusha betri za magari, walipata hukumu ya mahakama mwaka 2020 ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 baada ya miaka ya maradhi na vifo. Kwa kitu usichojua kilikotoka, kwaruza ukingo wake kwenye karatasi nyeupe. Metali yenye risasi nyingi huacha mstari wa kijivu kama penseli, ilhali bati safi haliachi alama ya maana. Ipime pia kwa uzito: bati lina gramu 7.3 kwa sentimeta moja ya ujazo na risasi ina 11.3, kwa hiyo kitu kidogo kinachokulemea mkono kitilie shaka. Bruchi yako ivae bila wasiwasi. Sanamu ipime kwanza, na kama inaandika karatasini iweke kabatini, mbali na watoto na mbali na jikoni.

Kama mambo haya yanawezekana Afrika, jibu limekwisha kutolewa na Waafrika wenyewe. Rooiberg, kaskazini mwa Afrika Kusini, watu walichimba na kuyeyusha bati karne kadhaa kabla ya ukoloni. Katika nchi hiyohiyo mchongaji Carrol Boyes, aliyefariki mwaka 2019, aliacha ualimu, akaanza kazi nyumbani kwake Cape Town, na kwa pyuta akajenga jina lililojulikana duniani, hasa kwa vijiko na vyombo ambavyo vishikio vyake ni miili ya watu. Bati lenyewe linachimbwa kwa majirani zetu: Kongo, Rwanda, Uganda, na upande wa Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania. Sisi Nairobi hulinunua likiwa limekwisha kuzunguka dunia na kurudi kama waya na fito za kulehemu.

Mtaji wako wa kuanzia, basi, ni mdogo kuliko unavyodhani. Usikusanye mikebe, maana bati lililomo halistahili kuni zake. Usinunue kalai ya kulehemu ya kizamani, ile ya 60 kwa 40, kwani hiyo 40 ni risasi. Tafuta fito zilizoandikwa kuwa hazina risasi, ambazo karibu zote ni bati lenye shaba au fedha kidogo, nawe utakuwa na metali laini inayofaa kwa majaribio. Kunja kipande chembamba karibu na sikio. Bati halisi hulia, mlio mkavu kama wa chumvi inayopasuka, na ukiusikia mara moja hutausahau. Wenzako wa Kariobangi wanaomimina sufuria za alumini watakuonyesha namna ya kuondoa takataka juu ya metali iliyoyeyuka, lakini waombe wakupe chungu ambacho hakijawahi kupikiwa alumini. Tupa zako za pyuta ziwe peke yake vilevile, kwa sababu chembe ya bati ikibaki kwenye fedha au shaba na kupashwa moto huitoboa. Na kuna tabia moja utakayoishangaa wewe uliyezoea shaba: ukiifua pyuta haiwi ngumu, hubaki laini hata ukiipiga kutwa. Ndiyo maana pini ya nyuma ya bruchi yako ni ya metali nyingine, na ndiyo maana pete nyembamba ya pyuta hupinda baada ya wiki chache, ilhali kidani hudumu.

Bruchi ya mjomba wako usiitumie kama kielelezo cha kumiminia nakala, kwa kuwa umbo lile lina mwenyewe. Ukitaka kuisafisha, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uipanguse kwa kitambaa laini, na weusi uliolala ndani ya mishipa ya ua uuache, maana ndio unaoifanya michoro isomeke. Kalibu yako ya kwanza ichonge katika jiwe la Kisii, lile laini la Tabaka ambalo wachongaji wa vikombe na viboko wa mapambo hulitumia. Jiwe la aina hiyo hustahimili joto la pyuta bila shida, linachongeka kwa kisu, na mafundi wa Ulaya ya kale walitumia mawe ya jamaa yake kwa kazi hiihii. Kata vibamba viwili vinavyokutana sawasawa, chonga umbo lako kinyume katika kimoja, mfereji wa kumiminia juu, na vijia vyembamba vya hewa pembeni. Viweke karibu na jiko siku nzima vikauke kabisa, kwa kuwa tone la maji ndani ya jiwe hugeuka mvuke na kuirusha metali usoni. Vaa miwani na viatu vya kufunika mguu. Kalibu iwe ya moto inapopokea metali, la sivyo itaganda kabla ya kufika mwisho wa umbo. Vipande vitano au sita vya kwanza vitatoka na mapengo. Virudishe chunguni, uongeze joto la jiwe kidogo, umimine tena.